Niliombea Kanisa Kibali cha Baa

Wiki jana tuliachana nikiwa nimekodolea kompyuta macho, nayo inanionyesha kosa langu la pili kwa maandishi mekundu. Aliyekosa gazeti asihangaike kulitafuta, pengine limeshafungia nyama. Nitamwambia kwa ufupi.

Mimi ni Nyakerario, mama yake Nyagaka. Nilichuma majani chai huku Konoin mpaka mashine ikaja, ikachuma kwa asubuhi moja kile nilichokuwa nikichuma kwa wiki. Nikaambiwa asante. Nikahamia soko la Mogogosiek, nikafungua kibanda cha kuwatumia watu maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao.

Siku hizi hujengi hata choo bila kuomba kaunti, na kaunti haitaki kuona uso wako. Inataka uingie kwenye tovuti yake, ujaze fomu, ubandike mchoro, ungoje. Wengi hapa hawawezi. Mimi naweza. Darasa la saba na vidole viwili vinanitosha. Ndio nikasajiliwa kuwa wakala, nikapewa akaunti.

Akaunti ina sheria moja kali. Wakala akikosea mara tatu inafungwa, na maombi yote ya watu yaliyo ndani yanafutwa.

Kosa la kwanza: mahali pa hati ya shamba nilibandika picha ya mjukuu wangu akibatizwa. Kosa la pili, lile la wiki jana: nilibonyeza ramani vibaya, choo cha mwalimu mmoja kikaangukia katikati ya barabara ya lami. Afisa alifunga safari na kofia ya plastiki kichwani kuja kutafuta choo barabarani.

Nikabaki na kosa moja la akiba. Nikilitumia, mimi ni mwanamke mzee tu kwenye kibanda chenye printa.

Sasa sikiliza nilivyolitumia.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana, mvua ya kila siku imeanza kupiga mabati ya kibanda changu kama watu wanaomwaga kokoto. Akaingia Mzee Kiplimo, anakung'uta koti.

Mzee Kiplimo ni mzee wa kanisa la Neema ya Mlimani. Yeye ndiye anaweka ufunguo wa kanisa, umefungwa kwa kamba ya kiatu shingoni mwake, na hata akioga nasikia hautoki. Ni mtu msafi, tena mpole. Ana shida moja tu, na si yake peke yake huku kwao Wakipsigis: B na P kwake ni mapacha, vivyo hivyo D na T, G na K, J na CH, Z na S. Anaweza kukuitia yeyote, aje yeyote.

Na mimi Mkisii sina haki ya kucheka. Sikio langu na hiyo P hawajawahi kusalimiana vizuri.

"Mama Nyakaka," akasema, "nataka unitumie maompi kwa kaunti."

"Karibu Mzee. Maombi ya nini?"

"Ya paa."

"Baa?"

"Ntiyo. Paa."

Nikaweka miwani vizuri.

"Baa ya nani, Mzee?"

"Ya kanisa."

Nikatoa miwani.

"Kanisa lenu liko na baa?"

Akaniangalia kama mtu ameulizwa kama ng'ombe wake ana mkia. "Mama Nyakaka, si iko tangu wakati ya wasungu? Kanisa kani inakaa pila paa?"

Mimi ni wa kanisa lingine, lile la kule chini, na kwetu hata soda inanywewa nje. Nikasema moyoni, kumbe wenzetu walibarikiwa mapema.

"Sawa. Sasa mnataka kuifanya nini?"

"Ile ya samani imechoka. Tunataka kupomoa, tuweke ya kisasa. Kupwa. Itoke mpaka nche, hata wale wanasimama kwa mlanko wapate."

"Wapate hata wa mlangoni!"

"Hao wanaumia sana."

Mvua ikaongeza. Nikasogeza kiti.

"Mzee, fomu inauliza sababu. Nitaandika sababu gani?"

"Antika tu ukweli. Watu wanalowa."

Wasomaji wangu, naapa, kwa ile mvua mimi nilisikia "wanalewa".

"Wote?" nikauliza.

"Kila Chumapili. Wamama, wasee, wote."

"Na watoto wa shule ya Jumapili?"

"Hao ntio wa kwansa! Wanakaa mpele. Wanalowa mpaka unawahurumia."

"Yesu wangu. Na pasta?"

Mzee Kiplimo akashusha sauti, kwa heshima ya pasta. "Pasta ntio mpaya saiti. Chumapili ilipita alilowa mpaka akashintwa kuhupiri. Tulimpeleka nyumpani na planketi."

Nilijishika mbavu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukaandika.

Sasa hapa ndipo naungama, maana hadithi hii niliianza ili niungame. Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua kuna kitu kimekaa upande. Kidole kilisita juu ya kitufe. Ningeuliza swali moja tu: Mzee, ni ya kinywaji au ya mabati? Swali la sekunde mbili. Sikuuliza. Utamu ulikuwa umenifika kooni, na mtu mwenye pipi mdomoni haulizi imetoka wapi.

Nikajitetea kwa mchoro. Fundi alikuwa amechora kwa penseli chumba kirefu, viti vimepangwa safu kwa safu, na mbele meza ndefu imelala upande hadi upande. Nikasema, hiyo ni kaunta.

Nikachagua aina ya jengo: burudani na vileo. Nikabonyeza tuma.

Mtandao ukanirudishia tangazo la kuchapisha. Sheria inataka tangazo libandikwe pale jengo litakapokuwa, na mtu yeyote mwenye pingamizi alete ndani ya siku kumi na nne. Nikalichapisha, nikalitia ndani ya bahasha ya kaki.

"Usiwache bila kulibandika," nikamwambia.

"Nitapantika mwenyewe," akasema. "Miwani nimesahau nyumpani, lakini misumari niko nayo."

Akaenda na mvua yake. Jioni hiyohiyo akalipigilia kwenye lango la kanisa, misumari minne, mmoja kila pembe. Linasema hivi, nalikumbuka neno kwa neno maana nililiandika mimi:

OMBI LA KUBOMOA BAA YA ZAMANI YA KANISA NA KUJENGA BAA KUBWA YA KISASA ITAKAYOFIKA HADI NJE. SABABU: WAUMINI WANALEWA KILA JUMAPILI, HASA WATOTO NA PASTA.

Siku tano zikapita kimya. Lile lango liko nyuma ya ua wa miti, watu hupita hapo Jumapili tu.

Jumapili ikafika.

Jumatatu asubuhi sijaondoa hata kufuli, nikakuta wanawake wamejaa mlangoni, kitambaa cha kichwa kimoja kwa wote kama askari. Mbele yao Mama Chepkorir, mwenyekiti wa akina mama wa Neema. Huyo aliishi Nakuru miaka ishirini. Herufi zake zote ziko sawa na hasira zake pia.

"Mama Nyagaka, fungua," akasema. "Tuna pingamizi."

"Pingamizi ya nini, mama?"

"Tunapinga shetani."

"Huyo fomu yake sina."

"Usinichezee leo. Soma hii."

Akanisukumia simu. Picha ya tangazo. Nikajifanya nasoma polepole, midomo ikitembea, kama mtu anayeona maandishi hayo kwa mara ya kwanza.

"Loo," nikasema. "Pasta pia?"

"Pasta amelala kitandani na homa ya mapafu! Amepatwa na baridi ya mvua!" Chepkorir akapiga meza. "Sisi akina mama tumechanga mwaka mzima. Tumeuza mboga, tumeuza mayai, mpaka tukapata mabati. Tukamwambia Kiplimo, wewe ni mzee wa kanisa, nenda uombe kaunti ruhusa ya paa. Paa! Paa ya mabati! Yeye akaenda kuomba baa!"

Wasomaji, miguu yangu ilikuwa chini ya meza, lakini niliihisi ikiondoka bila mimi.

Paa. Wanalowa. Wamama, wazee, watoto wa mbele. Pasta na blanketi.

"Umenyamaza," Chepkorir akasema.

"Nimeshtuka."

"Andika hivyo! Andika tumeshtuka."

Nikaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika kwa nguvu."

Nikabonyeza kwa nguvu, aridhike. Kumbuka mimi ndiye wakala peke yangu soko zima. Aliyeomba baa ni mimi, na wanaoipinga pia ni mimi nawaandikia. Nilikuwa nikijishtaki mwenyewe kwa vidole viwili, na nikimaliza sentensi nasoma kwa sauti ili washtaki wangu waniambie kama imekaa vizuri.

Wanawake arobaini na mmoja walitia majina. Mmoja wa mwisho akauliza, "Lakini nani alimwandikia huyu mzee upuzi kama huu?"

Kule chini ya tangazo jina la wakala lipo. Lakini kaunti huliandika kwa herufi ndogo kama mayai ya siafu, na picha ilikuwa imepigwa na mkono unaotetemeka.

"Mambo ya mtandao," nikasema. "Mtu anaweza kuwa hata Nairobi."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Ungamo si la kuchagua vipande vitamu.

"Alhamisi afisa akija," Chepkorir akasema akitoka, "Kiplimo atajibu mbele ya kanisa lote. Ufunguo utamtoka shingoni."

Hawajafika barabarani, akaingia Onyiego. Huyu ni wa kwetu Kisii, ana baa upande wa pili wa soko, na huniita Omong'ina, mama mzee kwa lugha yetu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Omong'ina," akasema, "kanisa linataka kuniua?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mimi nahangaika kutafuta wateja mmoja mmoja. Wao wako na watu mia tatu wamekaa tayari, wamevaa vizuri, mlango umefungwa! Hiyo ni biashara au ni uonevu? Andika pingamizi."

Nikaandika. Ya arobaini na mbili.

Saa nane akarudi, uso umefunguka.

"Futa ile. Nimefikiria. Andika naunga mkono, lakini vinywaji niwapelekee mimi."

"Onyiego!"

"Niko na gari, Omong'ina. Na mke wangu anaimba kwa kwaya yao, itakuwa rahisi."

Kufikia jioni nilikuwa nimeandika barua kumi na tisa za kuunga mkono. Wote wanaume. Wawili walikuwa hawajaingia kanisa lolote tangu wabebwe kupelekwa kubatizwa, wakaniuliza ibada huanza saa ngapi.

Ningecheka mpaka leo kama Jumanne asubuhi Mzee Kiplimo hangeingia.

Alikuwa na miwani. Mkononi alishika lile tangazo, limetobolewa pembe nne. Hakusalimia. Aliliweka mezani, akaweka kidole.

"Mama Nyakaka. Soma hapa."

"Baa," nikasoma.

"Na hapa?"

"Wanalewa."

Akaketi. Akasugua magoti.

"Mimi pompe sichaoncha tangu nioe," akasema. "Leo mke wangu amenusa mtomo yangu kapla ya kunipa chai."

"Mzee..."

"Ni kompyuta?"

Mungu alinifungulia mlango wa kusema ukweli, nami nikaufunga taratibu usipige kelele.

"Ni kompyuta," nikasema.

Akatikisa kichwa, anaitazama ile mashine kama mbwa ambaye amemlisha na bado akamuuma. Kisha akanyoosha mkono, akaipapasa juu. "Pole," akaiambia. "Hata mimi nikiongea, watu hawasikii visuri."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenitukana ningevumilia. Lakini aipe pole kompyuta?

"Si kompyuta," nikasema. "Ni mimi. Nilisikia vibaya, na nilipokuwa na shaka sikuuliza. Nilikuwa nacheka."

Mzee akaondoa mkono juu ya kompyuta.

"Ontoa ile kitu, tupeleke mpya," akasema.

"Nimejaribu tangu jana. Ikishapata pingamizi haiondoki mpaka afisa afike aulize. Na Mzee, nikisema kosa ni langu, hili ni la tatu. Akaunti inafungwa."

"Na maompi ya watu?"

"Yote yanafutwa. Zahanati, maduka, vyumba vya watu. Sitapata akaunti tena. Nitarudi kule milimani niombe kazi kwa mashine."

Alinitazama muda mrefu. Sikumwambia anyamaze. Lakini sikumwambia aseme pia, nikaacha macho yangu yafanye ile kazi ambayo macho ya mwanamke mzee hufanya.

Akakunja tangazo mara nne, akalitia mfukoni. Akaondoka.

Alhamisi, kanisa likajaa kuliko Pasaka. Wanawake kulia na vitambaa vyao. Kushoto wanaume wa kuunga mkono, Onyiego mstari wa kwanza amevaa tai. Mzee Kiplimo mbele, peke yake kwenye benchi. Mimi nikajibanza nyuma ya nguzo.

Afisa akaingia, msichana mrembo anaitwa Waringa, kofia ya plastiki, tableti mkononi. Akaniona nyuma ya nguzo, akaniita bibi kwa lugha yao ya Kikuyu.

"Shosho! Si wewe wa choo cha barabarani?"

Nikacheka kicheko cha meno mawili.

"Kuja ukae mbele. Nakuhitaji."

Nikaenda mbele. Kila hatua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Nikaketi benchi moja na Mzee Kiplimo, meza ya madhabahu mbele yetu. Meza ile ndefu niliyoiita kaunta.

Waringa akaeleza, sauti ya kuzoea mikutano. "Nataka kujua kitu kimoja. Ombi limesema baa. Akina mama wanasema walitaka paa. Kwa hivyo kuna mtu alikosea. Kama ni mwombaji alisema vibaya, hiyo si neno, nafuta, analeta mpya hata leo. Kama ni wakala aliandika vibaya, hiyo ni kitu kingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" kanisa zima.

Mvua ikaanza hapohapo. Kwanza tone moja juu ya tableti ya Waringa. Akapangusa. La pili. Akasogea. La tatu likamfuata huko alikosogea. Akaangalia juu, akaona mbingu kwa matundu kumi na tano. Mstari wa mbele watoto wakafungua miavuli bila kuambiwa, kama watu wanaofungua vitabu vya nyimbo.

"Hivi ndivyo mnaabudu?" akauliza.

"Ndiyo maana tukataka paa!" Chepkorir akasema.

Waringa akahamia upande mkavu, akamgeukia Mzee. "Mzee, nisaidie. Siku hiyo ulimwambia wakala unataka nini?"

Mzee Kiplimo akasimama. Akashika ufunguo kifuani.

Mimi roho yangu iligawanyika nusu kwa nusu. Nusu ilisema, atasema ile paa yake ya kila siku, msichana huyu wa Kikuyu, nao hiyo P huwasumbua, atasikia baa, atasema hata mimi nasikia baa, wakala hana kosa. Nitapona! Nusu ya pili ilikuwa inatafuta mahali pa kujificha kutoka kwa ile ya kwanza.

Mzee akafunga midomo. Akaifinya kama mtu anayebana nguo kwenye kamba. Kisha akaiachia.

"Baa," akasema.

Baa, wasomaji. B yenyewe. Nono, imekamilika, ungeiweka kwenye kitabu cha darasa la kwanza. Sijui aliifanyia mazoezi wapi, kwa ng'ombe au kwa kioo, lakini siku mbili zote alikuwa akijifunza herufi moja ili ajimalize nayo.

"Unamaanisha baa ya pombe?" Waringa akauliza.

"Baa ya pombe. Kosa ni yangu. Mama aliantika vile nilimwampia."

Kanisa likavuta pumzi moja. Upande wa wanaume mtu mmoja akapiga makofi, Onyiego akamfinya.

Chepkorir akaja mbele, hakukimbia. Alinyoosha mkono.

"Ufunguo, Mzee."

Mzee akainamisha kichwa. Ile kamba ya kiatu ikamkwama sikioni, akahangaika nayo, hakuna aliyemsaidia. Ikatoka. Shingoni ikabaki alama nyeupe, kama ya mtu aliyevua pete ya miaka arobaini. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Chepkorir, akakaa chini.

"Basi tumemaliza," Waringa akasema, akaandika. "Kosa la mwombaji. Ombi limefutwa. Mnaweza kuleta mpya leo jioni, kibali cha paa hakitazidi wiki mbili. Shosho, akaunti yako iko sawa."

Iko sawa. Maneno niliyoyaombea siku tatu. Yalinifika kama chai iliyopoa.

"Ngoja," akasema Chepkorir. "Sisi tutampelekea askofu habari hii kwa maandishi. Mzee wa kanisa kuomba baa si jambo la kusema kwa mdomo. Tunataka shahidi. Wakala aandike kwamba Mzee alimwambia hivyo, atie sahihi."

"Ni haki," Waringa akasema. Akafungua ukurasa kwenye tableti, akanipa ile kalamu yake isiyo na wino. "Shosho, weka jina hapa chini tu. Juu nimeshaandika."

Nikasoma. Alikuwa ameandika: Mimi wakala nathibitisha kwamba mwombaji aliniambia anataka baa ya vileo.

Nikaishika kalamu.

Mzee Kiplimo hakuniangalia. Lakini chini ya meza, kiatu chake kikatafuta changu, kikakipata, kikakanyaga. Kikakanyaga tena, kwa nguvu, kama mtu anayezima moto.

"Antika," akasema bila kufungua mdomo. "Antika, mama. Watu wanangocha."

"Unanikanyaga, Mzee."

"Nachua."

Mbona hakuniachia hata nafasi ya kuwa mbaya vizuri? Nilimtazama pasta wao, ameletwa na blanketi lake, anakohoa. Nilimtazama mke wa Mzee kule nyuma, amefunika mdomo kwa kitambaa. Nilitazama ufunguo kwenye mkono wa Chepkorir, bado unabembea.

Mguu wangu bado uko chini ya mguu wake. Nikainama, nikaandika. Ilinichukua muda, maana kalamu ile inateleza, na kwa sababu jina langu ni neno moja lakini niliandika sentensi nzima: Mzee alisema paa, baa ni yangu.

Nikamrudishia Waringa tableti.

Akasoma. Tone likaanguka juu ya kioo, hakulipangusa. Akasoma mara ya pili.

"Ameweka sahihi?" Chepkorir akauliza.

Waringa alivua kofia ya plastiki, akaiweka juu ya madhabahu, akamtazama Mzee Kiplimo, akanitazama mimi, kisha akasema na wale waliokuwa wameanza kusimama:

"Fungeni mlango. Hakuna mtu anatoka hapa kabla sijawasomea hii."